Sahani ya Mgeni

Mwezi wa kumi uliopita mwanamke mmoja mrefu, Mmarekani mweusi, alibisha mlango wa nyumba ya binti yangu hapa Germantown, Maryland. Nilifungua mimi, maana mchana wengine wote wako kazini na shuleni, na nyumba hubaki na mimi na sauti ya friji. Alisema anaitwa Denise, baba yake ni Calvin, na baba amefariki kwake California, kitandani, akiwa na miaka themanini na minne. Alipokuwa akipekua kitabu cha anwani cha marehemu ili awajulishe watu, hakunikuta kwenye herufi ya jina langu. Alinikuta kwenye N. Mzee aliandika "Ndugu", akakata anwani tatu nilizohama, akaandika ya nne. Miaka yote hiyo tulikuwa tunatumiana kadi ya Krismasi, basi. Nilimpa chai ya maziwa, akainywa yote, akalia kidogo, akaenda zake uwanja wa ndege. Mjukuu wangu, anayeniita Susu, yaani bibi kwa lugha yetu, aliporudi aliona vikombe viwili, akauliza, "Susu, who came?" Nikamwambia ni mtoto wa mzee niliyemfanyia kazi zamani. "Oh," akasema, akatoa chakula chake kwenye friji na kupanda nacho juu. Yeye jibu lilimtosha. Mimi halikunitosha, ndiyo maana nimekaa na daftari hili.

Sitaeleza nilikozaliwa, nani alinilea na nani alinioa. Hayo yana watu wake wa kuyasimulia. Nitaeleza mwaka mmoja tu, miaka ile ya elfu mbili na kidogo, simu zilipokuwa za kukunja na tulipokuwa tunakwaruza kadi ili kupiga nyumbani. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Kwa mambo mengi nilikuwa mtu mzima, lakini kwa nchi hii nilikuwa mtoto mchanga. Ofisi iliyokuwa ikitutuma kuhudumia wazee ilinipa karatasi yenye jina la mzee, na mahali pa anwani ya nyumba pakaandikwa namba ya kiwanja cha kuegesha magari, karibu na Route 1, upande wa Maryland. Nilidhani wamekosea. Hawakukosea. Mzee Calvin alikuwa akiishi ndani ya RV, gari refu kama basi, ndani yake kuna kitanda nyuma, choo cha kuingia kiubavu, meza, kochi linalokunjuliwa usiku, na jiko. Alikuwa mfanyakazi wa posta aliyestaafu. Yeye na mkewe Lorraine walikuwa wamelinunua ili wazunguke Marekani nzima, kisha Lorraine akaugua na akafa kabla hawajatoka hata mara moja. Mzee akauza nyumba yao ya Columbia Heights, kwa sababu, alivyoniambia, hakuweza kuendelea kupita kila asubuhi mbele ya makoti ya marehemu. Denise alikasirika kwamba nyumba aliyokulia imeuzwa bila yeye kuulizwa. Waliongea kwa simu mara chache, kama watu wanaopeana taarifa za hali ya hewa.

Siku ya kwanza nilisimama mlangoni na mfuko wangu, naye akaja akijikokota kwa fimbo, mtu mnene, suruali imeshikiliwa na kanda za mabegani. Akasema, "Hujambo, ndugu? Karibu sana katika nyumba yangu yenye magurudumu." Niligeuka kuangalia nyuma nione anaongea na nani. Alikuwa amejifunza Kiswahili darasa la jioni enzi za ujana wake, pamoja na wenzake waliofuga nywele, na mwalimu wao aliwafundisha kwamba kila mtu ni ndugu. Alikiongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari, bila kukata neno hata moja. Nilimwambia mimi naitwa Mama Mwende. Akasema, "Vema sana, Ndugu Mama Mwende." Baada ya wiki moja ikabaki Ndugu peke yake, na mimi nikamwita Mzee.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Kila akikanyaga breki alikaza meno mpaka mshipa unasimama shingoni. Daktari alikuwa tayari kumpasua na kumwekea goti la chuma, ila kwa sharti: apunguze pauni thelathini kwanza, la sivyo hamgusi. Na bila goti hakuna safari. Mzee alitaka kitu kimoja duniani, afike kwa Denise California akiendesha mwenyewe. Denise alikuwa ameshamwambia atamtumia tikiti ya ndege. "Sitafika kwa mwanangu nikisukumwa kwenye kiti kama mzigo wa posta," aliniambia. "Nimebeba mizigo miaka thelathini na moja, ninajua inavyopokewa." Kwa hiyo ofisi ilinitafutia karatasi ya mtaalamu wa vyakula, yenye picha ya sahani iliyogawanywa kama shamba, na hesabu ya kalori za siku. Mimi nilisoma mpaka darasa la tano. Mzee ndiye aliyenisomea maandishi ya kwenye makopo, akitafsiri polepole: "Mafuta, gramu nane. Chumvi, nyingi mno. Rudisha, Ndugu." Tulisimama dukani saa nzima kwa vitu vya kujaza mfuko mmoja.

Tena hatukuwa tumetulia mahali. Viwanja vile vina sheria, ukikaa wiki mbili unatakiwa uondoke. Na Mzee hakuweza kwenda mbali kwa sababu ya hospitali, iliyokuwa mjini. Basi tulizunguka. Wiki mbili Route 1, wiki mbili huku juu msituni karibu na hii Germantown ninayokaa leo, wiki mbili ng'ambo ya mto, Virginia, kisha tunarudi tulikoanzia. Tuliuzunguka mji kama mbuzi anayezunguka kigingi alichofungiwa. Watu wa viwanja vya jirani walikuwa wakienda Florida, wakienda Maine, wanakaa siku mbili, wanatupungia mkono, wanaondoka. Sisi tulikuwa tunasafiri mwaka mzima na hatukwenda popote.

Kupika humo ndani kulinifundisha adabu. Jiko lilikuwa la gesi, sufuria mbili tu ndizo zinakaa, na ukikaanga kidogo king'ora cha moshi kinapiga kelele mpaka majirani wanatoka. Maji yalikuwa ya tangi, kwa hiyo nilioshea mboga kwenye bakuli na maji hayo hayo nikasuuzia masufuria. Nilijifunza kukaanga vitunguu kwa maji: vijiko viwili, vikikauka unaongeza viwili, mpaka vitunguu vinalegea na kuwa na rangi ya chai. Sukuma wiki niliikata nyembamba, nikaifunika kwa mvuke dakika chache, nikaikamulia limau. Kuku nilimvua ngozi. Samaki nilimfunga kwenye karatasi ya bati pamoja na nyanya na dania. Koliflawa niliiponda nikamwambia Mzee ni viazi, naye akaniambia amezeeka lakini ulimi haujafa. Siku ya kuhama nilichemsha maharagwe alfajiri, nikaifunga sufuria kwenye blanketi nene, nikaiweka kwenye sinki isianguke, tukaondoka. Tukifika, maharagwe yameiva yenyewe njiani na hatukutumia gesi. Hilo hakunifundisha mtu, nililitoa kichwani mwangu.

Rafiki yangu mmoja tu alikuwa anapiga simu, Mama Kevo wa Riverdale Park, tuliyesoma naye kozi ya kuhudumia wagonjwa.

"Ati unaishi wapi? Kwa lori?"

"Si lori. Ni RV."

"Na huyo mzee wa watu, wawili tu? Haki kanisa watasema nini?"

"Nimetundika shuka katikati. Waseme."

"Si ukuje hapa kwangu Sunday tupike, watoto wanakuuliza. Uta-depress huko msituni."

"Jumapili nafanya kazi."

Sikuwa nafanya kazi Jumapili. Lakini kule Virginia hakukuwa na basi, na nilipokuwa Route 1, ambako ningeweza kutembea kwa miguu mpaka kwake, niliona aibu kwenda kukaa kwenye kochi la mtu mwenye watoto na mume na kelele, halafu nirudi kwenye shuka langu. Afadhali nisione. Jioni Mzee alisoma gazeti upande wake, mimi nikasikiliza mvua juu ya paa la bati. Majirani tuliwasikia wakicheka nje kuzunguka moto wao. Siku nyingine nilihesabu maneno niliyosema tangu asubuhi, na hayakufika hamsini.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana ndilo linalonifanya niandike. Nilivyolelewa mimi, mwanamke hapiki chakula cha kuwatosha waliopo tu. Anapika, anapakua, halafu anafunika sahani moja na kuiweka pembeni. Si ya mtu fulani. Ni ya atakayefika. Na akifika akala, huulizi, na asipofika, asubuhi ukiikuta tupu pia huulizi nani kaila, kwa sababu kuuliza ni kumwaibisha mtu kwa sababu ya tumbo lake. Nilifanya hivyo nyumbani maisha yangu yote, na nilipoingia kwenye RV mikono ilifanya vilevile bila kuniuliza. Tena mgeni hapewi chakula cha mgonjwa. Mimi na Mzee tulikula vya kalori, maana sikuweza kula vinono mbele ya mtu mwenye njaa. Lakini sahani ya mgeni niliipika inavyotakiwa, dirisha likiwa wazi na king'ora nimekifunika kwa kofia ya kuogea: nyama ya kukaanga, ugali, vitunguu vya mafuta, Jumapili chapati mbili. Niliiweka ndani ya oveni, ambayo hatukuitumia kwa sababu inakula gesi, na ndipo mahali pekee humo ambapo kitu hakitikisiki. Asubuhi nilikwenda kuoga kwenye bafu za kiwanja na kufua. Nikirudi, sahani imeoshwa, imefutwa, imerudishwa kabatini.

Sitasema sikujua. Gari lile lilikuwa na watu wawili, na mmoja ni mimi. Nilijua na sikuuliza, na kila nikiona ile sahani safi kabatini moyo wangu ulitulia, kwamba leo kuna aliyefika. Najua inavyosikika. Mtu mzima anajidanganya mchana kweupe na huku mzani unahesabu.

Mwezi wangu wa kwanza wa kazi alipungua pauni nne. Mwezi wa pili, moja. Mwezi wa tatu aliongezeka mbili. Nesi alikuwa msichana mdogo mwenye miwani. Aliangalia mzani, akaangalia karatasi, akamuuliza Mzee nani anampikia, huku ananiangalia mimi. Daktari akaingia, akasema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko ukali, kwamba hali ikiendelea hivi mpaka Desemba, nafasi yake atampa mgonjwa mwingine. Tukirudi, Mzee alikosea njia mara mbili kwa sababu goti lilimzidi, na tulipofika hakuweza kuinua mguu kutoka kwenye breki. Niliuinua mimi kwa mikono miwili.

"Mzee, unakula wapi?" nilimuuliza.

"Ninakula unachonipa, Ndugu."

Na alikuwa anasema kweli. Mimi ndiye niliyejifanya sielewi, nikanuna siku mbili, nikapekua hata chini ya kiti cha dereva kutafuta karatasi za peremende. Siku ya tatu mashine za kufulia zilikuwa zimeharibika, nikarudi mapema. Nilifungua mlango nikamkuta mezani. Hakuwa anakula kama mwizi. Alikuwa ameketi wima, kitambaa kifuani, uma mkononi, redio imewashwa taratibu, na sahani ya mgeni mbele yake.

"Mzee, hicho si chako."

Aliweka uma chini. "Ni cha nani basi?"

"Cha mgeni."

"Mgeni yupi?"

Mzee akazima redio. "Ndugu, tuko hapa miezi mitatu. Alikuja mtu wa gesi. Akaja yule mama aliyepotelewa na mbwa. Hakuna mwingine." Alifikiri kidogo, akasema, "Mimi nilidhani unaniwekea. Lorraine alikuwa ananiwekea sahani kwenye oveni nikiwa zamu ya posta. Hatukuwahi kuizungumzia. Nikaona na wewe huzungumzi. Nikaona, basi, mwanamke huyu ana huruma, mchana ananikatalia kwa sababu ya daktari, lakini anajua nina njaa. Ningekataaje? Ungeona nimekudharau."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nini wewe hukuuliza?"

Nilichukua sahani ile, iliyobakia nusu, nikatoka nayo nje nikaimwaga kwenye pipa la taka, nikafunga kifuniko kwa mnyororo wake wanyama wasilifungue. Sikulia. Niliporudi nilimwambia, "Kuanzia leo nitapika cha watu wawili. Utalala na njaa na mimi nitalala na njaa, na usinisemeshe juu ya hilo." Akajibu, "Vema, Ndugu." Niliyasema hayo kwa ukali ili asisikie sauti yangu ilivyokuwa chini yake. Kupika cha watu wawili kamili, kijiko kwa kijiko, kulikuwa ni kukubali kwamba hakuna mtu aliyekuwa akija. Mikono yangu ilikataa wiki nzima. Ilichota unga wa watu watatu, nikaurudisha. Kikombe cha wali, nikapunguza nusu. Jioni ya kwanza nilipomaliza kupakua na sufuria ikabaki tupu kabisa, nilisimama nimeishika mpaka Mzee akauliza kama nimeungua.

Baada ya hapo alikuwa mgonjwa mbaya. "Hii ni supu au ni maji ya kuoshea masufuria?" "Ni supu." "Nimeiona karoti. Je, ilikuwa na ndugu zake?" "Kula." Mara nyingine alinichokoza kwamba Kiswahili cha darasani hakikumfundisha neno la njaa ya namna hii, nikamwambia hakuna, avumilie. Lakini Julai alipungua pauni tano, Agosti nne, Septemba tena nne, na akaendelea hivyo. Kanda za suruali zilianza kuteleza mabegani. Tulizunguka, Route 1, msituni, Virginia, majani yakageuka rangi yakaanguka juu ya paa. Mimi pia nilikonda, na Mama Kevo siku moja alipoendesha mpaka kiwanjani kuniletea koti la baridi alishika mikono yangu akasema, "Wewe, nani alikuambia u-diet? Umekuwa kama ufagio." Nilimpa chai. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa, ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu, na aliondoka kabla sijapata namna ya kumwambia abaki.

Siku ya mzani wa mwisho, Desemba, Mzee alikuwa amezidi pauni moja. Moja tu. Aliteremka, akavua viatu. Akavua mkanda na koti, akatoa pochi, rundo la funguo, miwani, kalamu mbili za posta. Akapanda tena. Nusu pauni. Akavua sweta akabaki na fulana, mzee wa watu, mikono imejaa madoa. Mzani ukasimama pale pale ulipotakiwa. Nesi aliandika haraka kabla Mzee hajapumua. Mimi nilikuwa nimeshika sweta lake, na nikagundua nimelikunja na kulikunja mpaka limekuwa dogo kama kitabu.

Alipasuliwa, akalala hospitali siku chache, tukarudi kwenye RV na baridi yote ile, na wenye kiwanja wakaturuhusu tusihame mpaka apone. Nilimtembeza kwenye barabara ya kiwanja, hatua kumi, hatua hamsini, mpaka kwenye ofisi na kurudi. Machi alikanyaga breki bila kukaza meno, akapiga honi peke yake kama mtoto. Siku chache baadaye, tukila, alisema bila kuniangalia, "Mbele kuna kiti cha pili, Ndugu." Nikamwambia aweke ramani juu yake. Sikutaka kufika kwa binti wa mtu nikiwa mpishi aliyekuja na baba, na nilijua nikipanda kiti kile nitampikia mpaka mmoja wetu afe, na hakuna atakayejua mimi ni nani wake. Hakurudia. Badala yake nilimfundisha. Wiki tatu alisimama jikoni nami nikakaa mezani na kumkaripia. Chakula chake cha kwanza kilikuwa kibichi upande mmoja na kimeungua upande wa pili, na nilikila chote.

Aliondoka asubuhi ya kawaida. Mimi nilichukua basi la Route 1 na mfuko wangu, nikapanga chumba cha chini kwa jirani yake Mama Kevo, na Jumatatu ofisi ikanipa bibi mwingine wa kuhudumia. Jioni ya pili simu ikalia. "Ndugu, niko Ohio. Maharagwe yamegoma." Nikamuuliza ameyaloweka. "Kuloweka ni nini?" Siku mbili baadaye, Missouri: vitunguu vimeungua. Nikamuuliza ameongeza maji mara ngapi. "Ah," akasema. Kisha mahali ambapo hakuna sukuma wala majani yoyote, nikamwambia atumie kabichi. Nilikuwa nakaa ngazini na simu mkononi nikitoka kazini, na watu wa nyumba ile walidhani nina mchumba.

Jioni moja, akiwa jangwani huko sijui wapi, alipiga akasema, "Leo nimepika samaki. Ameiva vizuri." Nikangoja. Upepo ulisikika upande wake. Nikasema, "Haya, na shida ni nini?" Akasema, "Hakuna shida." Nikamwambia kama hakuna shida, aweke simu chini apumzike, kesho ana barabara ndefu. Akasema, "Vema, Ndugu."

Hakupiga tena. Kwa kadi ya Krismasi nilijua alifika kwa Denise akiendesha mwenyewe, na kwamba mtoto wa Denise alikimbia kando ya gari mpaka liliposimama. Nilifurahi, na bado nafurahi, kazi ilifanyika. Lakini jioni ile ya jangwani nimeirudia mara nyingi kuliko mwaka mzima uliobaki. Mzee hakuwa na shida, alitaka tuongee tu. Nilikuwa nayo mimi, na nilikuwa nimeshika simu.